Sura ya 6: Njia ya Mgeni

Watu wengi wanaotaka bustani ya Kijapani huanzia dukani. Hununua taa ya saruji yenye umbo la hekalu dogo, daraja jekundu la mbao, sanamu ya Buddha na samaki wa rangi, wakavipanga uani na kungoja sifa. Siku ya wageni ikifika, watu arobaini husongamana varandani kwa sababu ndipo penye viti na kivuli, watoto hukemewa wasikaribie kidimbwi, na bustani iliyokula pesa nyingi hubaki kutazamwa kwa mbali.

Katika sura hii nashikilia jambo moja: bustani ya Kijapani ya kukaribishia wageni hupangwa kwa kufuata mwendo wa mgeni, tangu anapoingia getini hadi anapoaga. Mapambo huja mwishoni, na mengi hayahitajiki kabisa. Wajapani walilishughulikia jambo hili kwa makini makubwa katika bustani ya chai, iitwayo roji, iliyokomaa karne ya 16 wakati wa Sen no Rikyu, bwana wa chai aliyefariki mwaka 1591. Mgeni wa roji huingia geti la nje, huketi kwenye benchi lenye paa dogo, na kungoja mwenyeji atoke kumlaki. Kisha hufuata mawe ya kukanyagia, moja baada ya jingine, hadi kwenye beseni la jiwe lililowekwa chini makusudi ili kila mtu ainame, awe tajiri au fukara. Hapo hunawa mikono na kusukutua mdomo. Anapofika kwenye chumba cha chai, kelele za barabarani zimekwisha kumtoka.

Msomaji aliyelelewa Pwani atautambua utaratibu huu. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hatoki mtaani akaingia moja kwa moja kwa wenyeji. Huketi kwanza dakani, penye baraza za mawe pande mbili za mlango. Akikaribishwa ndani hupita ushoroba unaokinga macho ya wapita njia, ndipo atokee kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kungoja kidogo, kugeuka kona, kisha kufunguliwa nafasi: adabu ya mji wa Lamu na adabu ya bwana wa chai zinaelewana vizuri, na anayejenga Muthangari, Nairobi, anaweza kuzichukua zote mbili bila kuona kwamba anaiga.

Muthangari ninayoizungumzia ni ile ya kati ya Waiyaki Way na Lavington. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha misheni ya St Austin upande huu mwaka 1899 na kupanda kahawa. Mashamba yale yaligeuka viwanja vya nyumba zenye paa la vigae na ua mpana. Sasa nyumba hizo nazo zinabomolewa, na maghorofa yanapanda kwa kasi. Mwenye robo eka hapa ana bahati ya udongo mwekundu unaopitisha maji na kustawisha karibu kila kitu, tofauti na udongo mweusi wa mashariki na kusini mwa jiji, ambao hutanuka ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Udongo huu una kasoro moja tu, nayo ni kwamba mvua ikipiga, matone huruka na kupaka kuta na viatu rangi nyekundu. Dawa yake imo katika nyumba za Kijapani za zamani: ukanda wa changarawe chini ya ukingo wa paa, upana wa nusu mita hivi, unaopokea maji ya paa yasichimbe udongo. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kutoka Japani kabla ya vingine vyote, mimi ningechukua hiki.

Hali ya hewa nayo ina masharti yake. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana liko utosini, kwa hiyo mti hutia kivuli chini ya shina lake tu, na anayetaka kulisha watu mchana lazima awe na paa au kichanja chenye mtambaa. Jioni giza huingia kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Tofauti kati ya Februari na Novemba haizidi nusu saa. Bustani ya wageni Nairobi basi ni bustani ya usiku kwa kiasi kikubwa, na mwezi wa Julai ni ya usiku wa baridi. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Upepo huvuma zaidi kutoka mashariki. Yote haya yaandikwe pembeni mwa mchoro kabla fundi hajaitwa.

Sasa tuanze getini. Karibu na geti, mahali ambapo nyumba haijaonekana yote, weka benchi refu chini ya paa dogo, la kutosha watu watano au sita. Nairobi wageni hawafiki pamoja. Wa saa saba hufika saa nane, na wanaokuja kwa ruracio, yaani sherehe ya mahari, husubiriana nje mpaka ujumbe wote ukamilike ndipo waingie. Kwa kawaida husubiria ndani ya magari au kando ya barabara. Benchi hili huwapa heshima wanayostahili, na mwenyeji anayetoka kuwalaki hapo amekwisha kutimiza nusu ya ukarimu wake. Likiegemezwa ukuta wa mawe ya Ndarugu na kupandiwa mti mmoja wa kivuli, halihitaji kitu kingine.

Kutoka benchini njia ipinde mara moja, hata kama kiwanja ni kidogo. Mgeni asione meza za chakula kutoka getini. Kuhusu mawe ya kukanyagia kuna mvutano wa kale unaotusaidia sana. Husimuliwa kwamba Rikyu alitaka njia itimize sehemu sita kwa urahisi wa kutembea na nne kwa uzuri wa kutazamwa, na kwamba Furuta Oribe, mwanafunzi wake, akageuza hesabu hiyo: nne kwa miguu, sita kwa macho. Kwa nyumba inayopokea mashangazi wenye mikongojo, akina mama waliovaa viatu vya visigino na vijana wanaobeba sufuria za pilau, mimi namfuata Rikyu bila kusita. Njia kuu iwe na upana wa mita moja na robo, sawa na usawa wa ardhi, ya mawe bapa ya Mazeras yaliyolazwa juu ya kokoto iliyoshindiliwa. Wajapani huchanganya mawe yaliyochongwa na yasiyochongwa katika ukanda mmoja ulionyooka, na mawe ya Mazeras hukubali sana mtindo huo kwa sababu hupatikana ya mraba na ya kuvunjika yenyewe, kwa rangi za kijivu, za kahawia na za kutu. Oribe naye apewe njia yake ndogo ya pembeni, ya mawe mamoja mamoja, kwa atakaye kuzunguka na kikombe chake. Kutoka katikati ya jiwe moja hadi katikati ya la pili pawe na sentimita 50 hivi. Hatua ya mtu aliyevaa gauni refu au leso ni fupi, na mafundi wetu huzoea kupima kwa hatua zao wenyewe.

Usisahau jiwe dogo la mviringo lililofungwa kamba kwa mkatiko wa msalaba. Katika roji huwekwa juu ya jiwe la kukanyagia kumwambia mgeni kwamba huku hakupitwi leo. Kamba ya katani inatosha. Jiwe hilo huziba njia ya jikoni, ya banda la mbwa au ya choo cha ndani bila kamba za plastiki na bila mtu kuamrishwa kwa sauti.

Beseni la kunawia ni mahali ambapo desturi ya Kijapani na ya nyumbani hukutana kabisa. Kwetu chakula cha mkono hutanguliwa na maji, na kijana hupita na birika na bakuli. Bustani yenye beseni la jiwe karibu na uwanja wa kulia humpunguzia kijana huyo kazi. Mafundi wa Tabaka, Kisii, huchonga mawe ya sabuni ya ukubwa wowote, na jiwe lenyewe ni laini kiasi cha kufukuliwa shimo kwa zana za mkono. Liagize likiwa halijang'arishwa wala kupakwa rangi. Maji yatoke kwenye bomba la mwanzi lililoficha bomba halisi lenye koki, ili mtu anawe kwa maji safi yanayotiririka. Chini tandaza mawe ya mto juu ya shimo lenye kokoto, maji yazame humo na kuelekezwa kwenye mizizi ya mianzi. Na kwa sababu babu hawezi kuchuchumaa, ongeza beseni la pili la urefu wa kiuno. Heshima kwa wazee ina uzito kuliko usahihi wa mtindo.

Kidimbwi nakishauri kwa wachache tu. Kinataka pampu, kichujio na mtu wa kukiangalia kila siku, huzaa mbu kikiachwa, huwatia wasiwasi wazazi wenye watoto wadogo, na korongo wakigundua samaki hurudi kila asubuhi. Zaidi ya hayo kuna suala la maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mvua zikikosa kule, mgao huku hukaza. Wajapani walikwisha kutupatia jibu: bustani kavu, ambamo changarawe husimama badala ya maji. Ile ya hekalu la Ryoan-ji mjini Kyoto ina mawe 15 tu katika mstatili wa changarawe wenye urefu wa mita 25 hivi, na popote utakapoketi kwenye varanda ya hekalu, walau jiwe moja hujificha. Nafasi tupu ndiyo inayofanya kazi pale.

Nafasi hiyo tupu ndiyo anayoihitaji mwenye wageni. Kyoto hakuna anayekanyaga changarawe iliyochorwa kwa reki, na mimi sipendi kuichanganya heshima hiyo na karamu. Kwa hiyo tengeneza mbili. Ya kwanza iwe ndogo, ya macho, ukanda wa mita mbili au tatu mbele ya varanda, wenye mawe matatu au matano meusi ya volkano kutoka Bonde la Ufa, yaliyozikwa theluthi moja ili yaonekane kuwa yameota pale. Ya pili iwe uwanja wa miguu, kama mita 8 kwa 8, unaotosha tenti na watu arobaini waliokaa. Chini yake shindilia kokoto, tandaza kitambaa cha kuzuia magugu, kisha changarawe ya kina cha sentimita nne, si zaidi, maana ikizidi hapo viti huzama na wazee huchoka. Chagua rangi ya kijivu. Vipande vyeupe vya marumaru kutoka Kajiado huvutia kwenye picha, ila chini ya jua letu la utosini huumiza macho, na baada ya msimu mmoja vumbi jekundu huwa limekwisha kuvifunika.

Kingo za uwanja zitengenezwe kwa vigae vya udongo vilivyosimamishwa kwa ubavu, nusu ardhini, kama ifanywavyo katika bustani nyingi za Kyoto. Vigae vizuri zaidi ni vile vya nyumba za zamani zinazobomolewa Lavington na Kilimani, vyenye ukungu na weusi wa miaka mingi. Wabomoaji huviuza. Profesa Wangari Maathai, aliyezuru Japani mwaka 2005, alirudi na fundisho la Wajapani la mottainai, la kuona uchungu kitu kinapotupwa kabla thamani yake haijaisha, akalieneza duniani kote. Kila kigae kilichookolewa kwenye kifusi cha Lavington ni utekelezaji wa fundisho hilo, na hakuna kigae kipya kinachoweza kukipita kwa uzuri.

Varanda yenyewe iongezwe kiunzi cha mbao kinachokwenda sambamba na nyumba, kimo cha sentimita 45 kutoka ardhini, ili ukingo wake uwe kiti. Mbao za sipresi zilizotiwa dawa zinafaa. Ukingo wa mita 10 huketisha watu kumi na sita bila kiti kimoja cha kukodi, nao huketi wakitazama upande mmoja, uwanjani, kama watu wa barazani. Mkutano wa chama wa kina mama hukaa vizuri sana hapo. Chini ya ukingo weka jiwe kubwa bapa la kuvulia viatu.

Na nyama? Nyama choma ina haki yake katika bustani hii, na mchoro usioipangia mahali si mchoro wa Nairobi. Jiko likae upande wa magharibi wa uwanja, ili upepo wa mashariki uuondoe moshi badala ya kuuleta mezani. Lizungushiwe ua wa mianzi wa kimo cha kifua, mchomaji aone watu na watu wamwone, kwa maana mazungumzo mengi mazuri hufanyika kando ya makaa. Mianzi ya ua itiwe dawa ya boraksi, la sivyo wadudu huitoboa kabla ya miaka miwili.

Tumefika kwenye mimea, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mti wa Kijapani wa majani mekundu, yaani mepo, na mcheri wa maua ya waridi ni miti ya nchi zenye majira ya baridi kali. Hulala wakati wa baridi ndipo iamke na uzuri wake. Nairobi haina baridi ya kuilaza, nayo hudhoofika polepole. Wakati huohuo tuna podo. Huko Japani, mmoja wa miti inayoheshimika kwa kukatwa kwa umbo la mawingu ni maki, naye ni wa ukoo wa podo. Podo wetu wa nyanda za juu hukubali mkasi vivyo hivyo. Nairobi ina nyua za podo zilizokatwa kwa miongo mingi. Nunua mitatu yenye mashina yaliyopinda, ile ambayo muuza miche wa kando ya barabara ameitenga kwa kuona haifai, na uanze kuifundisha umbo.

Mmea wa pili ni chai yenyewe. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, mwendo mfupi wa gari kutoka Muthangari, na mtu aliyeona mashamba ya Tigoni yalivyochumwa yakawa bapa, yakifuata mikunjo ya vilima, ameona kwa macho yake kile ambacho watunza bustani wa Kijapani hukitafuta kwa mikasi katika vichaka vya duara. Panda mstari wa chai kando ya njia kuu. Kwa rangi ya mepo, tafuta chai ya zambarau, aina ya TRFK 306/1 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ambayo machipukizi yake mekundu-zambarau hurudi kila baada ya kuchumwa. Chai hupenda udongo wenye asidi na mvua nyingi kuliko ya Nairobi, kwa hiyo Januari na Februari itataka kumwagiliwa. Na mkahawa mmoja upewe nafasi karibu na benchi la geti, kwa ajili ya historia ya mahali na kwa harufu ya maua yake meupe baada ya mvua.

Zulia la kijani la mosi (moss) la Kyoto lisahau, kiangazi chetu hulikausha. Nyasi za mondo, zenye asili ya Japani na zinazopatikana vitaluni kote Nairobi, zitafunika mahali pa kivuli. Mianzi iwe ya kuota kwa mafungu. Ile ya kutambaa hupita chini ya ukuta na kuzua ugomvi na jirani.

Kiu ya mimea hii iondolewe na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 150 za mraba, katika mwezi wa mvua ya milimita 150, hupokea lita 22,500. Mnyororo wa shaba au wa chuma ukining'inizwa mahali pa bomba la gata, huyashusha maji yakionekana na kusikika hadi kwenye pipa la kuchujia, na kutoka hapo tangini. Wageni wa Aprili, waliozoea kuona mvua imewaharibia siku, watavuta viti karibu waitazame.

Taa ziwe za chini ya goti, za mwanga wa manjano, zikimulika mawe ya njia na maji ya beseni. Za jua zinafaa, kwa kuwa umeme hukatika. Taa moja ya jiwe inatosha bustani nzima, nayo ikae karibu na beseni, mahali ambapo mtu anahitaji kuona mikono yake.

Limebaki ghorofa la jirani. Wajapani hupenda kuazima mandhari: mlima ulio nje ya ukuta huingizwa katika mchoro kwa kukata miti ya mbele ifanye fremu. Muthangari mandhari ya kuazima ni mijakaranda ya majirani, inayochanua kuanzia Septemba, na karibu yake kuna jengo la ghorofa nane lenye madirisha yanayotazama chini. Ukuta mrefu haulizuii. Kinacholizuia ni kitu cha karibu na kichwa cha aliyeketi. Paa la varanda likishushwa hadi mita 2.2 ukingoni, au tawi la podo likinyoshwa juu ya viti, ghorofa lote hutoweka machoni mwa wageni na jakaranda hubaki. Jaribu kwa kuketi pale na kumwomba mtu ashike ubao juu kabla ya kujenga.

Chimba na laza mawe Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na malori yanapita. Panda mvua zinapoanza Machi. Podo atahitaji miaka mitano au zaidi kupata umbo, kwa hiyo apandwe kabla ya kila kitu kingine. Na kama kiwanjani mwako tayari umesimama podo, mutamaiyu (mzeituni wa mwitu) au jakaranda mkubwa, nakuomba jambo moja: mwambie msanifu abadilishe mchoro, wala usimruhusu mtu yeyote aukate.